Makinikia si mchanga

Machi 2017 Rais John Magufuli alizuia mchanga wa madini kusafirishwa nje. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikachunguza makontena 277, na vijiwe vyote nchini vikapata neno jipya: makinikia. Mzigo ulitoka Bulyanhulu na Buzwagi, wilayani Kahama, na Waingereza huuita concentrate.

Mzizi wa neno lao ni kentron la Kigiriki, ncha kali. Baadaye likawa ncha ya bikari inayochomwa katikati ya duara. Kilatini kikalichukua kama centrum, yaani kitovu. Ku-concentrate ni kukusanya vitu kwenye kitovu, viwe mawazo ya mwanafunzi au sharubati nzito unayoizimua kwa maji. Umbo la makinikia linaonyesha Kiswahili kilifuata njia ya mwanafunzi: makini, neno lenye asili ya Kiarabu. Ni tafsiri ya ajabu kidogo, mawe kupewa utulivu wa akili, lakini imeshika.

Dhahabu ya Bulyanhulu haikai peke yake. Imo mwambani pamoja na shaba, fedha, chuma na salfa. Iliyo huru hunaswa mapema kwa uzito wake. Iliyojificha ndani ya madini ya salfa ndiyo yenye kazi. Mwamba husagwa ukawa unga, ukachanganywa na maji na kemikali, kisha hewa hupulizwa ndani yake. Chembe zenye salfa huyakwepa maji, zikang'ang'ania mapovu na kupanda nayo. Mawe matupu hubaki chini. Povu hukombwa na kukaushwa. Mchimbaji mdogo wa Geita anayemwaga unga wa karasha kwenye mwalo ana lengo hilohilo, ila kwake kinachozama ndicho mali.

Kwa hiyo kuuita mzigo ule mchanga kulipotosha pande zote mbili. Wengine walidhani ni takataka za mgodi, wengine wakadhani ni dhahabu tupu. Ni bidhaa ya katikati, inayosubiri kiwanda cha kuyeyusha ili kila metali itoke kivyake.

Ubishi kati ya Serikali na wenye migodi ulizaa makubaliano ya Januari 24, 2020 na kampuni ya Barrick: kampuni ya pamoja ya Twiga, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Ukisikia tena tani za makinikia, usiishie kwenye uzito. Uliza kila tani ina gramu ngapi za dhahabu, na nani amezipima.