Leica ya Kweli na ya Bandia

Si kila kamera iliyoandikwa Leica ni Leica. Kamera hiyo ilibuniwa na Oskar Barnack wa kiwanda cha Leitz, mjini Wetzlar, Ujerumani, ikaanza kuuzwa mwaka 1925. Ile ya mwaka 1932, yenye kipima umbali, iliigwa na Wasovieti: FED ikatoka Kharkov mwaka 1934, na Zorki mwaka 1948. Kisha wajanja wakafuta majina hayo na kuchonga la Leica. Nyingine wakazipaka hata rangi ya dhahabu ili zipendeze macho ya wanunuzi!

Basi ukiletewa moja, usihangaike na maandishi, kwa maana hata namba huchongwa. Zungusha lenzi uitoe, uchungulie ndani ya tundu, upande wa juu. Humo mna kijimkono cha chuma kinachosukumwa na lenzi. Katika Leica ncha yake ni kigurudumu cha mviringo. Katika FED na Zorki ni kipande cha chuma kilichochongwa tu, hakizunguki.

Kamera ya Barnack mwenyewe iliuzwa mnadani mwaka 2022 kwa yuro milioni 14.4, lakini habari hiyo isimpumbaze mwenye Leica ya kawaida. Bei yake hutegemea hali. Pazia la kitambaa lililotoboka hutia madoa katika picha, na ukungu wa pwani hula lenzi iliyofungiwa katika mfuko wa ngozi. Zorki nzima hupiga picha safi. Ilipwe bei ya Zorki.