Hoteli za Diani na Hesabu ya Basi la Pamoja

Tangu treni ya Madaraka Express ianze safari mwaka 2017, wageni wengi wa Diani hushuka pamoja katika stesheni ya Miritini. Hali haiwezi kuwa bora zaidi kwa hoteli kushirikiana usafiri: saa ya kuwasili inajulikana, idadi ya abiria inajulikana, na wote wanaelekea upande mmoja. Lakini kila hoteli ikituma gari lake, gari la viti 14 huishia kubeba watu wawili na masanduku yao.

Kikwazo kikubwa kimeshaondoka. Zamani hakuna aliyethubutu kuahidi saa ya kufika, kwa sababu foleni ya feri ya Likoni haikutabirika. Sasa barabara ya Dongo Kundu inatoka Miritini hadi barabara ya Lunga Lunga bila kugusa feri. Siku hizi safari huharibikia mwishoni, ikishafika Diani.

Ukitoka Ukunda kwenda baharini, unafika kwenye njia panda ya barabara ya ufuoni: kushoto ni hoteli za kaskazini, kulia za kusini hadi Galu. Basi moja likibeba wote na kuanzia kushoto, mgeni wa Galu atazungushwa kaskazini, kisha arudishwe njia ile ile, amechoka na watoto wanalia. Wageni wagawanywe palepale stesheni, kabla mizigo haijapakiwa.

Kisha kuna malango. Basi husubiri askari afungue, huzunguka hadi mapokezi, hushusha watu, halafu hungoja tena nafasi ya kurudi barabarani. Tuseme ni dakika 5. Kwa hoteli 8 hizo ni dakika 40, na abiria waliobaki ndani hawajasogea hata hatua moja kuelekea kwao. Mwenye masanduku lazima afikishwe mlangoni, hilo halina mjadala. Lakini basi la mchana, la kupeleka watu madukani na mikahawani, lisimame kando ya barabara tu. Kinachotakiwa ni kivuli, benchi, na ratiba iliyobandikwa mahali inaposomeka.

Hesabu ya mabasi hayo ya mchana ni rahisi. Chukua muda wa mzunguko mzima, pamoja na mapumziko ya dereva, ugawe kwa dakika mnazotaka zipite kati ya basi na basi. Mzunguko wa dakika 80, na basi kila baada ya dakika 20, unahitaji mabasi 4. Mkiacha kuingia malangoni na mzunguko ukashuka hadi dakika 60, mabasi 3 yanatosha. Basi zima, na dereva wake na mafuta yake, lilikuwa likiliwa na malango.

Penye fedha ndipo mameneja huanza kununiana. Mkilipa kwa idadi ya vyumba peke yake, hoteli kubwa ambayo wageni wake hawatoki italalamika, na kwa haki. Mkilipa kwa abiria peke yake, mwenye basi hatakuwa na uhakika wa mshahara wa dereva. Mimi napendelea mchanganyiko: gharama za kudumu zigawanywe kwa vyumba, mafuta kwa abiria waliopanda. Na mkataba utaje mapema mabasi mangapi yataendelea wakati wa masika, wageni wanapopungua na baadhi ya hoteli kufunga. Ratiba ikikatwa ghafla mwezi Mei, anayeachwa kituoni ni mgeni aliyekwisha kuambiwa kwamba basi lipo.