Kuweka Wavu Katika Michirizi ya Paa: Kazi Anayoiweza Mwenye Nyumba

Visiwa vya Unguja na Pemba hupata mvua za masika baina ya Machi na Mei, na za vuli baina ya Oktoba na Disemba. Katika miezi hiyo kila nyumba ya mabati huteremshiwa neema ya maji juu ya paa lake. Neema hiyo hugeuka hasara pale michirizi ya paa, ambayo mafundi wengi huiita gata, inapoziba kwa majani. Maji hukosa njia, yakafurika na kuteremka ukutani badala ya kuingia katika tangi. Makala haya yanaeleza namna mwenye nyumba anavyoweza kuifunika michirizi yake kwa wavu wa waya, na pia mambo ambayo wavu huo hauwezi kumfanyia.

Ni vyema kwanza ikafahamika thamani ya kinachopotea. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Nyumba yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8 hukinga mvua katika eneo la mita 80 za mraba. Mvua ya milimita 20 huiletea lita 1,600. Hata ikikadiriwa kuwa sehemu moja katika tano hupotea, hubaki lita 1,280, yaani ndoo 64 za lita 20. Kwa familia inayokesha kusubiri maji ya bomba, ndoo hizo si za kudharauliwa.

Hasara haiishii hapo. Maji yanayofurika huloanisha kuta, yakaozesha mbao zinazobeba mchirizi na kuchimba udongo wa msingi. Katika nyumba za zamani zilizojengwa kwa mawe na chokaa, unyevu huingia ndani ya ukuta hadi kwenye ncha za boriti zilizobeba dari. Aidha, maji yanayotuama chini ya majani ni mazalio ya mbu, wakiwemo wale wanaoeneza homa ya dengi.

Katika kuchagua wavu, mambo mawili yazingatiwe: ukubwa wa matundu na hewa ya chumvi. Matundu ya baina ya milimita 3 na 6 huzuia majani ya miembe na mikungu. Penye mivinje, ambayo majani yake ni membamba kama sindano, matundu madogo zaidi yanahitajika. Hata hivyo, matundu yakiwa madogo mno maji ya mvua kubwa huteleza juu ya wavu na kumwagika nje. Kwa upande wa chumvi, wavu wa alumini au wa chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi karibu na bahari kuliko waya wa kawaida. Wavu wa plastiki hukatika baada ya kupigwa na jua kwa muda. Waya wa shaba usitumike, kwani maji yanayopita juu yake huila zinki ya mabati.

Kazi ifanywe wakati wa ukavu, kabla ya mvua kuanza, kwa mpango ufuatao:

Kwanza, mchirizi usafishwe wote kwa mkono wenye glavu, kisha umwagiwe maji ya ndoo. Maji yakituama mahali, mteremko una kasoro na urekebishwe kwanza. Kila mita 2 za mchirizi zinahitaji kushuka kwa sentimita 1 hadi 2 kuelekea kwenye bomba la kuteremshia maji.

Pili, wavu ukatwe kwa mkasi wa bati katika vipande vya mita 1, vyenye upana unaozidi kidogo ule wa mchirizi. Vipande vifupi ni rahisi kuvitoa wakati wa kusafisha.

Tatu, ukingo wa juu wa wavu uingizwe chini ya ncha ya bati, na ukingo wa chini ukunjwe juu ya mdomo wa nje wa mchirizi na kufungwa kwa waya. Wavu uiname kuelekea nje ili majani yaanguke yenyewe. Kipande kimoja kikipande kingine kwa sentimita 5.

Nne, mdomo wa bomba la kuteremshia maji uwekewe kikapu kidogo cha waya, kisha maji yamwagwe tena juu ya bati ili kuona kama yanaingia yote.

Usalama utangulie. Mguu wa ngazi uwe mbali na ukuta kwa mita 1 kwa kila mita 4 za kwenda juu, na penye mchanga uwekewe ubao. Mtu wa pili aishike ngazi muda wote. Kazi isifanywe karibu na waya wa umeme unaoingia nyumbani, wala bati la asbesto lisitobolewe wala kukatwa.

Ifahamike kuwa wavu haumwondolei mwenye nyumba wajibu wa kusafisha. Vumbi, maua ya miembe na kinyesi cha ndege hupita, na kunguru huacha mifupa na takataka juu yake. Hivyo mchirizi ukaguliwe kabla ya masika na kabla ya vuli, maji ya mwanzo ya mvua yasiingizwe tangini, na mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 1 ili mbu asipite. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Mtumishi anayeishi katika nyumba ya Serikali inampasa kupata idhini ya ofisi inayoisimamia kabla ya kutoboa au kufunga chochote. Vivyo hivyo, wakaazi wa Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, wanatakiwa kuwasiliana kwanza na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Wakuu wa skuli, vituo vya afya na ofisi nao wanakumbushwa kuwa mapaa wanayoyasimamia ni makubwa kuliko ya nyumba za watu, na hasara yake ni kubwa kwa kadiri hiyo. Mwenye kuusafisha mchirizi wake wakati wa jua ndiye atakayekuta maji tangini wakati wa mvua.