JINA JUU YA GITAA LA ASKARI

Askari aingiapo kambini huvua nguo za nyumbani akavaa sare. Kofia yake ni kama ya mwenzake, kitanda chake ni kama cha jirani yake, na bunduki yake hutambulikana kwa nambari. Ndivyo ipasavyo, kwani jeshi ni mwili mmoja. Hata hivyo, kila aliyepata kulala bwenini anajua jinsi mtu anavyotamani kuwa na kitu kimoja kilicho chake peke yake.

Kijana mmoja wa Marekani alikuwa nacho. Ni James Marshall Hendrix, mzaliwa wa Seattle, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kwa jina la Jimi Hendrix. Mwezi Mei 1961, akiwa na umri wa miaka 18, alijiunga na jeshi, kisha akapelekwa Fort Campbell, mpakani mwa Kentucky na Tennessee, katika Divisheni ya 101 ya askari wa miavuli. Kutoka huko alimwandikia baba yake ampelekee gitaa lake. Lilikuwa gitaa jekundu la bei nafuu, nalo lilikuwa na maneno mawili aliyoyachora kwa mkono wake mwenyewe: Betty Jean, jina la msichana aliyempenda.

Siku moja askari mwenzake, Billy Cox, alipita karibu na jumba la starehe la kambi, akasikia gitaa likilia. Akaingia, wakafahamiana, na miaka ya baadaye wakapiga muziki pamoja.

Lakini hadithi hii ina upande wa pili, nao tusiufiche. Wakubwa wa Hendrix walilalamika kwamba moyo wake ulikuwa kwenye gitaa wala si kwenye kazi. Mwaka 1962 aliachishwa jeshi.

Mkono ule haukuacha kuchora. Mwaka 1967 alilipamba gitaa jingine kwa rangi na kuandika shairi mgongoni mwake. Tarehe 4 Juni akalivunja jukwaani mjini London. Siku 14 baadaye, huko Monterey, California, alilichoma moto gitaa alilolichora maua. Alieleza kwamba hiyo ilikuwa kama sadaka, na mtu hutoa sadaka kile akipendacho.

Msomaji atakaye kuchora gitaa lake hana haja ya kulichoma. Na ajue mambo machache. Gitaa lisilo la umeme hutoa sauti kwa mtikisiko wa ubao wake mwembamba wa mbele. Rangi nzito huufisha mtikisiko huo. Basi apake rangi nyepesi, tena kidogo, akiisha kuzifungua nyuzi, wala asipake mahali vidole vinapobana nyuzi. Gitaa la umeme lenye mwili mzito halidhuriki sana, kwa kuwa sauti yake hunaswa na sumaku zilizo chini ya nyuzi. Ama gitaa la bendi ya kikosi, hilo ni mali ya serikali: halichorwi.

Hendrix alifariki London tarehe 18 Septemba 1970, akiwa na miaka 27. Aachapo kazi askari hurudisha sare ghalani, na bunduki yake hupewa mwingine. Maneno yale mawili juu ya ubao mwekundu hayakuwa na ghala la kurudishwa. Yalikuwa yake.