MAZAO YA KATI YA MIZEITUNI



Sisi wenye mikarafuu si peke yetu tunaotegemea mti unaozaa sana mwaka mmoja na kuzaa haba mwaka wa pili. Mzeituni nao una tabia hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo, wakulima wa Italia, Ugiriki, Hispania na nchi nyingine za Bahari ya Mediterania, tangu zamani, hupanda chakula kati ya mistari ya mizeituni.

Columella, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alishauri kwamba katika ardhi nzuri ya nafaka mizeituni iachane futi 60 upande mmoja na futi 40 upande wa pili. Katika ardhi dhaifu isiyofaa nafaka, futi 25 zatosha.

Jambo kubwa ni majira. Mvua za huko hunyesha wakati wa baridi. Ngano na shayiri hupandwa Oktoba au Novemba, hukua wakati mzeituni umepumzika, na huvunwa Mei au Juni kabla ya ukavu kuzidi. Wengine hupanda mimea ya jamii ya kunde, ambayo huongeza naitrojeni katika udongo. Baada ya mavuno kondoo hulishwa humo, na samadi yao hubaki shambani.

Lakini pana hatari zake. Karibu na Sfax, Tunisia, mvua ya mwaka ni kiasi cha milimita 200 tu. Huko miti huachana mita 24, na ardhi ya kati hupaliliwa ikawa safi, kwani maji hayatoshi wawili. Tena, kulima kwa kina hukata mizizi. Na nyanya, biringani, viazi na pamba huweza kuleta ukungu wa udongoni unaonyausha mzeituni.

Mwaka 2013 bakteria iitwayo Xylella iligunduliwa katika mizeituni ya Puglia, kusini mwa Italia, na tangu hapo mamilioni ya miti imeharibika. Aliyekuwa na mzeituni peke yake alipoteza riziki yake yote. Sisi tulioona mikarafuu ikifa ghafla twaelewa msiba huo.

Basi, mwenye shamba anayetaka kuchanganya mazao na ajiulize kwanza mambo matatu: Je, maji yatatosha? Je, jembe litaumiza mizizi? Je, zao hili litaleta maradhi? Akiridhika, na apande, asingoje mwaka wa mavuno haba umkute ghala tupu.