Ukoma Ndani ya Pua

Wengi wakisikia ukoma hufikiri vidole tu, lakini pua nayo huharibika. Twapenda kueleza sababu yake. Kijidudu cha ukoma, alichokiona Daktari Armauer Hansen wa Norwei mwaka 1873, hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi. Nayo pua hupozwa kila tuvutapo pumzi.

Basi, vijidudu vikizidi humo, utando wa ndani huvimba, pua huziba, makamasi hukauka yakawa magamba, na damu hutoka. Mishipa ya fahamu ikifa, mgonjwa hasikii maumivu. Akiyabandua magamba hujitia vidonda asijue. Hatimaye ukuta ugawao mianzi ya pua hutoboka, na pua hubonyea.

Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa kadhaa zitumiwe pamoja. Hizo huua vijidudu, na mgonjwa azitumiaye huacha upesi kuambukiza wengine. Bali pua iliyokwisha kubonyea hairudishwi na dawa. Kwa hiyo, mwenye pua iliyoziba siku nyingi, naye ana mabaka yasiyo na hisia, aende hospitali mapema. Wala tusimtenge: hofu ya kutengwa ndiyo imfanyayo mgonjwa ajifiche mpaka pua ikaharibika.