Jina la Dawa na Jina la Mtumiaji katika Habari

Katika mwezi wa Agosti 2021, habari za Kinshasa zilijaa neno moja: bombé. Ndivyo ulivyoitwa mitaani unga upatikanao kwa kusaga kifaa cha kusafishia moshi kilichomo katika bomba la gari, ukachanganywa na vidonge, kisha ukavutwa. Vyombo vya habari vililitwaa neno hilo jinsi lilivyo, vikaeleza na mchanganyiko wake, na jinsi mvutaji anavyoganda kama sanamu.

Nia ilikuwa kuonya. Lakini jina hilo, ambalo wanahabari wenyewe walilifasiri kuwa "lenye nguvu", ni jina la sifa, na aitajaye sifa ya bidhaa kila jioni huisaidia kuuzwa. Kisa hiki si kipya. Edward Brecher, katika kitabu chake cha 1972, Licit and Illicit Drugs, alieleza jinsi magazeti ya Denver, Marekani, yalivyoanza mnamo 1959 kuonya juu ya watoto wanaonusa gundi. Maonyo yenyewe, asema, ndiyo yaliyowafundisha wengi mchezo wasioujua.

Tukija kwa mtumiaji, lugha hugeuka. Katika magazeti ya Tanzania na Kenya huitwa teja. Neno mteja, yaani mnunuzi, limevuliwa kiambishi m- cha ngeli ya watu, likatupwa katika ngeli ya ji-/ma-, ambayo hukuza na kudunisha: teja, mateja. Hata likipewa upatanisho wa watu, dharau hubaki. Mlevi na mvuta bangi nayo ni majina ya mtenda yanayogeuza tendo kuwa tabia.

Basi dawa ina sifa, mtumiaji ana aibu. Kijana aliyejaribu mara mbili hajioni kuwa teja, kwani teja wa habarini hulala jalalani, onyo humpita. Aliyekwisha kunaswa hujitambua mara moja, naye hujificha, asimwambie mama wala muuguzi. Huyu wa pili ndiye anayenitia wasiwasi zaidi.

Sarufi yetu inayo njia. "Kijana anayetumia" ni maneno yenye wakati ndani yake: kesho yaweza kuwa "aliyetumia", hata "aliyeacha". Teja halina wakati. Mtangazaji naye aweza kusema "unga wa bomba la moshi", jina lisilomtamanisha mtu, akaacha namna ya kuutengeneza, na nafasi hiyo akaitumia kutaja mahali ambapo mgonjwa hupokewa bila kuulizwa na polisi.